Vanu

Neno lenyewe niliandika bila kujua kwamba nimekosea. Ilikuwa mwaka 1994, nikiwa darasa la tano katika shule moja wilayani Masasi. Nilikuwa nimehamia kwa bibi mwaka uleule, kutoka Newala. Tuliambiwa tuandike insha kuhusu msimu wa korosho, nami nikaanza hivi: "Asubuhi vanu wengi wanakwenda shamba." Mwalimu akaisoma sentensi hiyo mbele ya darasa, mara mbili, kisha akasema, "Hii si lugha ya watu." Daftari likarudi na duara jekundu kwenye vanu, kalamu imekandamizwa hadi alama ikatokea ukurasa wa pili.

Kunisahihisha ilikuwa kazi yake, na vanu si Kiswahili; ni watu kwa Kimakonde. Lile alilolisema baada ya kusoma ndilo lililoniingia. Kule nyumbani Newala Kimakonde na Kiswahili tulivila pamoja kama kande. Hakuna aliyekaa kuchambua ipi punje ya hindi, ipi ya kunde.

Jumamosi tukawa shambani. Ni Oktoba, mabibo yamejaa chini ya mikorosho na harufu yake tamu imeshika hewa yote. Unaliokota bibo, unaizungusha korosho mpaka inyofoke, unaitupa kwenye tenga. Baada ya saa moja mikono inanata kama umepakwa gundi. Bibi alikuwa na wenzake wawili waliosaidiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule: jirani yetu Mmakua, na bibi mmoja Myao aliyeolewa pale akitokea Tunduru.

"Mjukuu wangu, mbona kimya tangu juzi?" bibi aliniuliza.

Nikamweleza. Wala hakucheka. Aliendelea kunyofoa korosho mbili tatu, kisha akamgeukia jirani. "Mwenzangu, nyie mtu mnamwitaje?"

Alijua fika. Wameishi pamoja miaka mingi, wamezikana na kuozeshana watoto. Alitaka nisikie mimi.

"Mutthu," akasema yule bibi. "Wakiwa wengi, atthu."

"Kwetu mundu," akadakia Myao. "Wengi, wandu. Nyie Wamakonde mnasema munu, neno mmelila nusu, mmebakiza pua tu!"

Wakacheka wote watatu, na mimi nikajaribu kulitamka la Kimakua. "Mutu." Yule bibi Mmakua akatikisa kichwa. Nikarudia. Akatikisa tena. Basi akanishika mkono, akakiweka kiganja changu mbele ya midomo yake. "Mutthu," akasema, na pumzi ikanipiga kiganjani. Kwa vile mkono ulikuwa na maji ya mabibo, niliisikia baridi kabisa. "Bila upepo huo," akaniambia, "hujasema kitu."

Kitu! Nikamuuliza yule Myao kitu wanakiitaje. "Chindu." Sisi tunasema chinu. Mundu, munu, chindu, chinu. Nilisimama na bibo mkononi, moyo ukinienda mbio. Wao wanapotia nd, sisi tunatia n. Halikuwa kosa la mtoto mmoja wa Newala. Ulikuwa utaratibu, na kila bibi pale alikuwa akiufuata bila kufundishwa na mtu.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua walichokuwa wakinionyesha. Wataalamu wa lugha huanzia kwenye umbo la kale, muntu, lile ambalo Waganda na Wahaya bado wanalo katika omuntu, na Wazulu katika umuntu. Ugumu wote uko kwenye n na t zilizobanana katikati. Kiyao kimeilainisha t ikawa d. Kimakonde kimeimeza t, ikabaki n. Kisukuma kimeigeuza t kuwa h, wakasema munhu. Kimakua na Kiswahili vimeiangusha n, na mahali pake ikaja pumzi. Kiswahili sanifu hakiiandiki pumzi hiyo, lakini katika Kiswahili cha Mombasa bado ipo kwenye t ya mtu. Kwa hiyo neno la jirani yetu na neno alilolitaka mwalimu yamepita njia moja. Na Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyefanya kazi Cape Town, alipotafuta jina la ukoo mzima wa lugha hizi katika karne ya 19, alichukua neno hilohilo katika wingi wake: Bantu, yaani watu. Vanu.

Shambani siku ile hatukuwa na habari za Bleek. Tuliendelea mpaka tenga la tatu likajaa, kina bibi wakibishana neno hadi neno, na mimi nikiuliza bila kuchoka: moto je? Maji je? Mvua? Mengine yalilingana, mengine yalikuwa mbali kabisa, na hayo nayo yakanifurahisha.

Jumapili jioni nikakaa kwenye mkeka na daftari. Nilitakiwa kuandika masahihisho, sentensi ile mara kumi. Nikaandika "watu wengi" mara kumi kama nilivyoagizwa. Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho, ule ambao hakuna mwalimu anayeufikia, nikaandika kwa penseli: watu, vanu, wandu, atthu. Hilo la mwisho nililitamka polepole, kiganja mbele ya mdomo.

"Umepata?" bibi akauliza kutoka jikoni.

"Bado kidogo," nikamjibu, nikarudia.