Nikkor ya mzee wa Malindi

Mzee mmoja aliyekuwa akipiga picha za harusi Mji Mkongwe aliacha kazi, na mwaka 2015 akaanza kuuza vyombo vyake kimoja kimoja. Nilipopata habari kuwa ana Nikkor, yaani lenzi ya Nikon, ya milimita 28, nikaenda kwake mtaa wa Malindi, hapohapo Mji Mkongwe, siku hiyohiyo. Nilikuwa nikitafuta lenzi pana kwa muda, maana vichochoro vya Unguja havikupi nafasi ya kurudi nyuma. Ukisimama mbele ya mlango wa kuchonga na lenzi ya milimita 50, mgongo unagota ukuta wa jirani na mlango bado haujaenea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Iangalie vizuri. Usinunue jina."

Kabla ya yote nikazungusha pete ya fokasi. Nikon walitoa lenzi kadhaa za milimita 28 zenye f/2.8 (kipimo cha tundu la mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), na ukiziona juu juu utasema ni ndugu. Toleo la Series E lina vioo vitano. Toleo la AI-S lina vioo vinane, na baadhi yake husogea kivyake unapokaribia kitu ili picha isipoteze makali. Series E hukomea sentimita 30 kutoka kwenye kitu, AI-S hufika 20. Pete ilipopita mita 0.3 ikaendelea taratibu mpaka 0.2, nikafurahi kweli, ila nikanyamaza kwa sababu bei ilikuwa haijatajwa.

Tukafunga madirisha, nikawasha tochi. Nikafungua tundu la mwanga lote, nikamulika kwa nyuma, nikawa naitazama lenzi kwa kuiinamisha huku na huku. Vumbi lilikuwemo, na vumbi halinisumbui. Nilichokuwa nikikiogopa ni kuvu, ambayo kwa unyevu wa pwani huota pembezoni mwa kioo kama utando wa buibui, na ikikaa sana hula mpako wa kioo, hata ukiisafisha alama hubaki. Haikuwemo. Vibamba saba vya tundu vilikuwa vikavu, havina mafuta. Nikisukuma kile kijiti cha nyuma, vinafunga na kufunguka papo hapo.

Ila kioo cha mbele kilikuwa na mkwaruzo, mfupi lakini wa kuonekana. Bora wa mbele kuliko wa nyuma. Hata hivyo, kwenye lenzi pana, ukifunga tundu na kuelekea jua, mkwaruzo wa mbele unaweza kujitokeza pichani. Hilo tochi haikwambii.

"Mzee, niruhusu nikaijaribu Forodhani."

"Nenda. Fanya haraka, jua linakuchwa."

Wakati ule Beit el-Ajaib, lile jumba la kale linalotazamana na Forodhani, ilikuwa imefungwa, lakini mnara wake ulikuwa bado umesimama. Uliporomoka Desemba 2020. Kwa kupima lenzi pana, jengo lile lilikuwa hazina: nguzo ndefu za chuma na roshani zilizopangana, mistari iliyonyooka toka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Kwa f/2.8 katikati palikuwa pakali, kona zikawa laini na zenye kiza kidogo. Wapo wanaoikataa lenzi kwa hilo tu, na naona wanaionea. Nani anapiga jengo zima kwa f/2.8? Nilipofunga tundu hadi f/8, nguzo za pembeni zikakaza sawa na za katikati, nazo zimesimama wima, hazikupinda. Kisha nikageukia baharini, jua ndani ya fremu, f/16. Vikatokea vidoa vichache vya rangi, kama lenzi nyingi za zamani. Mkwaruzo haukuacha alama yoyote. Hapo nikawa nimekata shauri.

Mzee akataka laki tatu. Kwa hali ya lenzi ile sikuona sababu ya kuomba punguzo. Nikamhesabia, nikanyoosha mkono kuchukua na kifuko chake cha ngozi, akakivuta.

"Hiki niachie. Ngozi inashika unyevu, kuvu inaanzia humu. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko mzuri, utie vile vipakiti vinavyokuja na maboksi ya viatu. Na uitumie, mwanangu, usiifungie kabatini."