Godoro la Fallout 4 na Umeme wa Moshi

Katika Oblivion, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2006, maadui hupanda ngazi za nguvu pamoja na mchezaji, kiasi kwamba jambazi wa barabarani hukudai vipande 100 vya dhahabu huku amevaa deraya yenye thamani kubwa mara nyingi kuliko hicho anachokidai. Skyrim ya 2011, mwendelezo wake, ililegeza kasoro hiyo, na stadi zake 18 hukua kwa kutumiwa, utaratibu ninaouona wa haki zaidi, ingawa nakiri niliwahi kufua visu vya chuma kimoja baada ya kingine ili nipande upesi.

Ugumu wa kunusurika, ambao mchezaji huuwasha akitaka, ni jambo jingine, kwa sababu haumwongezei adui nguvu tu, bali hukubana wewe. Fallout: New Vegas, ya mfululizo mwingine, ilileta njaa, kiu, usingizi na risasi zenye uzito; Fallout 4 ikaenda mbali zaidi kwa kuondoa safari za mkato, yaani kuruka papo hapo hadi mahali ulipokwisha kufika, na kukuruhusu kuhifadhi mchezo pale tu unapolala. Juzi, nikiwa chumbani kwangu Majengo, mjini Moshi, nilitembea ndani ya mchezo huo karibu saa nzima nikitafuta mahali pa kulala, nikaliona godoro chakavu ndani ya kibanda, na kabla sijaligusa umeme ukakatika.

Nimerudi Skyrim, ambako ukiwasha ugumu wa kunusurika baridi hupunguza uhai na supu ya moto hukupasha mwili. Kwa mtu aliyelelewa kwa mtori chini ya Kilimanjaro, baridi ya Julai ikiuma, sheria hiyo haihitaji maelezo.