Miezi ya Kungoja Upepo

Juma lililopita nilikwenda Biashara Street kumnunulia mama leso, na wakati muuzaji akinitafutia yenye jina la kumfaa mzazi, nikajikuta nikiyapima maneno kuliko vitambaa. Leso tulilipata kwa Wareno, na meza aliyozitandazia ni neno lao pia; karatasi aliyozifungia lilianzia Uyunani na kutufikia kupitia Kiarabu. Yote hayo yalikuwa yameshatia nanga Pwani karne nyingi kabla ya reli kufika Nairobi mwaka 1899.

Shuleni tulikariri kwamba majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yalileta nguo, shanga na vyombo vya udongo, yakachukua pembe za ndovu, dhahabu na boriti za mikoko. Walichukua watu pia, wakiwa watumwa, jambo ambalo mwalimu wetu alilipitia haraka mno. Orodha hiyo ni ya kweli, ila naona iliacha nje kazi kubwa kuliko zote katika biashara ile, nayo ni kungoja. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi na kuyashusha majahazi kusini. Kusi huanza mnamo Aprili, ndipo yaweze kurudi. Nahodha aliyewahi kumaliza shughuli zake hakuwa na la kufanya ila kukaa, na aliyechelewa alikaa hadi msimu mwingine. Neno msimu lenyewe ni la Kiarabu, nalo ndilo lililowapa Wazungu jina la pepo hizo.

Mtu anayekaa miezi kadhaa huhitaji mahali pa kulala, chakula, na wa kumwamini. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kuendelea Mombasa na Kilwa, ameeleza jinsi vijana wa mji walivyokuwa wakiiendea meli kwa vyombo vidogo, kila mmoja na sahani iliyofunikwa, akimpa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alishukia kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa na kumnunulia nyingine. Katika mpango wa namna hiyo, ni vigumu bei isifuatwe na mazungumzo, dua, mapishi, na hatimaye ndoa. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wanaakiolojia walifukua chini ya msikiti wa mawe msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8, kana kwamba dini nayo ilianza kwa kupewa chumba cha wageni.

Lugha ilipokea kwa kuchagua. Sarufi ilibaki ya Kibantu, na hata katika kuhesabu tulishika moja hadi tano, pamoja na nane na kumi, tukaazima sita, saba na tisa. Kwa upande mwingine, misafara mikubwa ya baharini ya Zheng He, amiri wa meli kutoka China, ambayo wakati wake, mwaka 1415, twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Ming, haikuacha dalili kubwa katika usemi wetu. Vyombo vya Kichina vipo tele katika magofu ya Gedi, lakini chai lilitujia kwa kupitia mikono ya watu wengine. Mahindi nayo, ambayo asili yake ni Amerika, tuliyapa jina la Wahindi, kosa ambalo nalipenda kwa sababu linaonyesha ni nani aliyefikiriwa kwanza kila kilipoonekana kitu kigeni.

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli za mvuke zilizidi kuja katika bahari hii, zikashusha shehena na kuondoka bila kuuliza upepo unatoka wapi. Leso niliyomnunulia mama ilichapishwa India. Muuzaji alisema kontena lake hukaa bandarini Mombasa siku chache tu, na hajui jina la meli iliyolileta.