Kwenye gemu za risasi, kidole kwanza, picha baadaye

Katika vibanda vingi vya gemu hapa Kampala, sifa inayotangazwa ni ukubwa wa televisheni na uzuri wa picha. Kwa gemu za risasi zinazochezwa kwa macho ya askari mwenyewe, mimi ningeuliza kwanza: kidole kikibonyeza, risasi inatoka baada ya muda gani?

Kulenga ni kusahihisha mfululizo. Jicho linaona alama ya shabaha imempita adui, mkono unairudisha, jicho linaangalia tena. Picha ikichelewa, mkono unasahihisha jambo lililokwisha kupita, unapitiliza upande wa pili, kisha unarudi na kupitiliza tena. Mchezaji hujilaumu kwamba hana shabaha, kumbe mtambo ndio unaomchelewesha. Ndiyo maana Call of Duty 4 ya mwaka 2007 ilisifiwa kwa wepesi wake: ililenga fremu 60 (picha moja moja zinazounda mwendo) kwa sekunde, yaani fremu moja kila milisekunde 16.7, wakati gemu nyingi za risasi za konsoli za kipindi hicho zilikuwa kwenye 30.

Anza na televisheni, kwa sababu hapo ndipo muda mwingi hupotea. Kabla ya kuonyesha picha, televisheni huilainisha mwendo na kuinoa, na kwenye baadhi yake kazi hiyo hula milisekunde 100 au zaidi. Hizo ni fremu sita nzima. Washa modi ya gemu, tena kwenye tundu lile lile la HDMI lililochomekwa konsoli, maana televisheni nyingi huhifadhi setingi za kila tundu peke yake. Hulipi hata shilingi.

Kwenye kompyuta, fremu 60 zisizoyumba ni bora kuliko zinazorukaruka kati ya 45 na 90. Mkono huzoea muda. Muda ukibadilika kila mara, hauna cha kuzoea. Kwenye setingi za picha za gemu, punguza vivuli kwanza. Zima V-sync, setingi inayolinganisha fremu na skrini, kwa sababu hulazimisha fremu iliyo tayari kusubiri zamu ya skrini. Picha itachanika kidogo, yaani vipande vya fremu mbili vitaonekana pamoja, lakini kwa gemu za risasi naona ni bei ndogo. Gemu ikianza vizuri kisha ikawa nzito baada ya nusu saa, fungua kompyuta uangalie feni: vumbi letu jekundu huziba njia ya hewa, prosesa inapata joto na kujipunguzia kasi yenyewe.

Padi, kile kidhibiti cha mkononi cha konsoli, nayo ina ugonjwa wake. Ndani ya stiki za padi nyingi mna njia nyembamba ya kaboni na kijino cha chuma kinachoteleza juu yake. Kwa kuwa stiki hurudi katikati kila unapoiachia, kaboni huchakaa hapo hapo, na shabaha huanza kutembea bila kuguswa. Wengi huongeza eneo mfu la stiki (umbali ambao stiki husogea bila gemu kuitikia) mpaka mwisho, na hapo miguso midogo ya kulenga kwa mbali inapotea kabisa. Fanya hivi: liweke sifuri, achia stiki, ongeza kidogo kidogo mpaka picha itulie, uishie hapo. Matone ya spiriti ya isopropili ya asilimia 90 huondoa uchafu, lakini hayarudishi kaboni iliyolika. Hapo badilisha stiki.

Kwa kipanya, ondoa alama kwenye “Enhance pointer precision” ya Windows, ambayo hubadilisha umbali wa kishale kufuata kasi ya mkono. Halafu jipime ndani ya gemu: weka rula mezani, sogeza kipanya kulia sentimita 20 kwa kasi, kirudishe taratibu mpaka kilipoanzia. Shabaha isiporudi mahali pake, kasi ya mkono bado inabadilisha umbali, na mkono hauwezi kukariri kitu cha namna hiyo. Kwenye Counter-Strike, DPI 800 (hatua ambazo kipanya huhesabu kwa kila inchi) na unyeti wa 1 ndani ya gemu hukupa mzunguko mzima kwa kusogeza kipanya sentimita 52 hivi. Ni mwanzo mzuri. Badilisha kidogo, kisha uache kwa wiki kadhaa.

Pingi, yaani muda wa data kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi, ni suala jingine. Kutoka Kampala hadi Frankfurt ni kilomita 6,000 hivi kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya faiba huhitaji milisekunde 60 kwenda na kurudi hata kama njia ingenyooka hivyo. Nayo hainyooki, kwa sababu hatuna pwani na data yetu hupitia kwanza nchi jirani kufikia kebo za baharini. Chagua seva iliyo karibu zaidi, na tumia waya badala ya Wai-Fai ili pingi isipande na kushuka katikati ya mapigano.