Tulivyourudisha mkono wa kulia wa Baba

Baba yangu ni fundi cherehani. Ameshona kanzu, sare za shule na magauni ya harusi hapa Ngamiani, Tanga, tangu kabla sijazaliwa. Alipopatwa na kiharusi, upande uliolala ni wa kulia. Tuliambiwa mshipa wa damu umeziba upande wa kushoto wa ubongo, na chanzo ni presha ambayo hakuwahi kuisikia mwilini. Ulimi haukuguswa, mguu ulianza kupata nguvu akiwa bado wodini, lakini mkono ulibaki unaning'inia. Kilichomuumiza zaidi hakikuwa kukosa kushika mkasi. Aliniuliza, "Mwanangu, nitakula kwa kushoto mpaka lini?" Kwa mzee wa Kiislamu aliyelea watoto akiwakanya wasile kwa mkono huo, jambo hili lilikuwa zito kuliko kazi.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari. Sikuwa na uwezo wa kumlipa mtaalamu wa fiziotherapia aje nyumbani kila siku, na kliniki ilitupa miadi mara moja kwa wiki. Kijana aliyemhudumia Baba pale ni mjuzi na mpole, ila foleni yake haishi. Nilichokuwa nacho ni uwezo wa kusoma makala za sayansi na kumuuliza yeye pale nilipokwama. Tena zipo nyingi za bure. Tangu mwaka 2008 Marekani ina kanuni kwamba makala za utafiti uliolipiwa na Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, NIH, ziwekwe wazi kwenye hazina ya mtandaoni ya PubMed Central. Ndani ya taasisi hizo kuna kituo kizima cha utafiti wa utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wa mwili wake, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1990. Kwa hiyo kodi ya mfanyakazi wa Alabama au Georgia ilikuwa imeshagharamia majibu ya baadhi ya maswali yangu, nami niliyasoma usiku kwa bando la simu.

Cha kwanza kuamua kilikuwa bega. Mkono uliolala ni mzito, misuli iliyolegea haiushikilii, na mfupa wa juu unashuka kidogo kwenye kiungo chake. Ukiuvuta ovyo, unaleta maumivu yanayoweza kukaa miezi, na mgonjwa mwenye maumivu hafanyi mazoezi. Ndugu walikuja kwa mapenzi, kila mmoja na lake. Mjomba alileta kapi na kamba, akataka kuifunga kwenye mwembe wa uani ili mkono mzima uuvute uliolala. Nilikuwa nimesoma jaribio dogo la mwaka 1990 lililolinganisha njia za kuusogeza mkono baada ya kiharusi. Zaidi ya nusu ya waliotumia kapi la juu walipata maumivu ya bega, ilhali waliosogezwa taratibu na mtaalamu hawakufika mmoja kati ya kumi. Nikamwambia, "Mjomba, niwie radhi, kapi hapana," nikamweleza sababu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akalikunja kamba lake. Tukaweka sheria ya nyumba: hakuna kumnyanyua Baba kwa kumshika mkono wala kwapani. Anashikwa kiunoni, kwenye mkanda. Akikaa, mkono unalala juu ya mto. Wajukuu ndio walioishika sheria hii kuliko watu wazima, mgeni akinyoosha mkono kumvuta Babu wanapiga kelele. Kuchua hatukukuacha, kwa sababu alikupenda, ila ni kiganjani na kwenye kigasha, kwa mkono mwepesi.

Kisha kaka yangu akapiga simu kutoka Muscat anakofanya kazi. Alikuwa ameshaulizia bei ya mashine ya kutembelea, ile ya mkanda unaozunguka huku mgonjwa ameshikiliwa na mikanda ya juu inayopunguza uzito wake. "Dada, Baba asikose kitu." Nilimweleza habari za jaribio la LEAPS, lililolipiwa na NIH na kuchapishwa mwaka 2011. Watu 408 waliopata kiharusi waligawanywa makundi matatu. Moja lilianza mashine hiyo miezi miwili baada ya ugonjwa, la pili likaanza baada ya miezi sita, la tatu likafanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba nyumbani kwao likisimamiwa na mtaalamu. Mwaka mmoja baada ya kiharusi, asilimia 52 ya washiriki wote walikuwa wamepiga hatua katika kutembea, na hakuna kundi lililowashinda wenzake. Lakini mazoezi hayo ya nyumbani hayakuwa ya kunyoosha mguu mara mbili ukarudi kitandani. Yalipangwa kuwa vipindi 36 vya dakika 90 kila kimoja. Nikamwomba kaka zile fedha azigawe: sehemu ya dawa za presha zisikatike hata siku moja, sehemu ya kumlipa yule kijana wa fiziotherapia na nauli yake ya bajaji aje Jumamosi asipokuwa zamu. Akakubali, na anatuma mpaka leo.

Kuhusu mkono, nilimsoma mtafiti Edward Taub wa Chuo Kikuu cha Alabama kule Birmingham. Alianza na kima. Waliokatwa neva za hisia za mkono mmoja waliacha kuutumia, ingawa neva zinazosukuma misuli zilikuwa salama. Mkono mzima ulipofungwa kwa siku kadhaa, walianza kuutumia ule mwingine. Akaona kwamba sehemu ya udhaifu ni mazoea: mnyama alijaribu mwanzoni akashindwa, akajifunza kuusahau mkono, na hata uwezo uliporudi hakujaribu tena. Kazi yake hiyo katika maabara ya Silver Spring, Maryland, ilizusha mgogoro mkubwa mwaka 1981 kuhusu hali waliyowekwa wanyama, na sitaki kuipita kimya, maana faida tuliyoipata sisi viumbe wale waliilipia.

Kutoka hapo ukaja utaratibu wa kuuzuia mkono mzima ili uliolala ulazimike kufanya kazi. Jaribio kubwa la EXCITE, nalo la fedha za NIH, lilifanyika katika vyuo vikuu saba vya Marekani na kuchapishwa mwaka 2006. Washiriki walikuwa 222, waliopata kiharusi miezi mitatu hadi tisa kabla. Kwa wiki mbili walivaa glavu kwenye mkono mzima hadi asilimia 90 ya muda wa kuwa macho, na siku za kazi walifanya mazoezi ya hadi saa sita kwa siku. Mwaka ulipopita, bado mikono yao ilikuwa mbele ya wale waliopata huduma za kawaida. Ila kulikuwa na sharti. Mshiriki alipaswa kuwa na uwezo wa kuinua kifundo cha mkono walau nyuzi 10 na kunyoosha vidole kidogo. Kabla ya lolote nilimwomba kijana wetu ampime Baba. Alimlaza kigasha mezani, kiganja kikining'inia ukingoni, akamwambia ainue. Kikapanda taratibu, kikatetemeka, kikashuka. Kidole gumba kikafunguka, na viwili vinavyofuata. Akampima na kusimama, kwa sababu mtu aliyevaa glavu hawezi kujishika akipepesuka. Akasema Baba anafaa.

Tulisubiri likizo ya Juni. Glavu aliishona fundi mdogo, mwanafunzi wa Baba: kitenge nje, sponji kiganjani, haina vidole, inafungwa kwa velkro. Baba aliikagua kwa jicho la kazi, akasema nafasi ya dole gumba imekaa vibaya itamkata, ikafumuliwa na kushonwa upya. Utaratibu wa Taub una mkataba unaotiwa saini, nasi tukaandika wetu kwenye daftari. Glavu inavuliwa wakati wa udhu, chooni, akishika kitu cha moto, na akipanda ngazi. Saa nyingine zote anakuwa nayo. Baba akatia dole gumba la kulia, Mama akashuhudia.

Saa sita kwa mkupuo hatukuziweza, tukazikata vipande. Asubuhi mimi, mchana Mama, jioni fundi mdogo dukani. Vifaa vilikuwa vya kazi yake mwenyewe, na hili naliona lilisaidia kuliko yote, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na miaka ya kumbukumbu ya vitu hivyo. Kopo la vifungo lilimwagwa kwenye sinia. Alianza na vya koti, vikubwa, kuvihamisha kimoja kimoja mpaka bakulini, huku nikipima muda kwa simu. Muda ulipopungua tukaingia vya kanzu, kisha vya shati, vile vyembamba ambavyo lazima uvitelezeshe hadi ukingo wa sinia ndipo uvibane. Kila kazi inaongezwa ugumu kidogo tu, ili ashinde mara nyingi kuliko anavyoshindwa. Baadaye vibanio vya nguo kwenye kamba. Baadaye chaki na kipande cha kitambaa: mstari mfupi, mstari mrefu, mkunjo wa kola.

Na chakula. Mama alianza na vipande vya muhogo wa kuchemsha, vinene, visivyoteleza. Vikafuata vipande vya chapati. Kisha ugali, uliosongwa mgumu makusudi. Tonge la kwanza lilivunjikia kwenye mchuzi, la pili likafika kidevuni. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemtazama usoni. Mama alikuwa amekataza. Wali ulikuja mwisho kabisa, kwa sababu punje zinadai vidole vitano vikutane na kugeuka kwa pamoja. Siku alipokula biriani kwa mkono wa kulia, msibani, kati ya wazee wenzake kwenye sinia moja, alinipigia simu shuleni kuniambia.

Usiku, akichoka, tulitumia kioo cha duka. Mbinu hii ilianzia kwa mtafiti wa ubongo V. S. Ramachandran wa California miaka ya 1990, kwa watu waliokatwa mkono wakawa bado wanausikia unauma. Unakiweka kioo katikati, mkono dhaifu unajificha nyuma yake, unaufungua na kuufumba mkono mzima huku ukitazama taswira, na jicho linauona ule uliolala ukifanya kazi. Majaribio ya baadaye kwa wagonjwa wa kiharusi yameonyesha inasaidia mwendo wa mkono, na kwa baadhi yao hupunguza maumivu. Baba alisema vidole vinawasha akitazama. Tuliendelea nayo kwa kuwa haina gharama wala madhara.

Kuna jaribio moja lililonisumbua kabla hatujaanza, na nalitaja kwa sababu mwenye mgonjwa anastahili kulijua. Linaitwa ATTEND, lilifanyika India, likachapishwa mwaka 2017. Wagonjwa 1,250, nusu yao ndugu zao walifundishwa wodini namna ya kuwafanyisha mazoezi, kazi ikaendelea nyumbani hadi miezi miwili. Baada ya miezi sita, kwa vifo na kwa kutegemea wengine, hawakuwa na nafuu kuliko waliopata huduma za kawaida pekee. Nilikaa na matokeo hayo siku kadhaa. Niliyoyachukua ni kwamba mapenzi ya familia na mafunzo machache hayatoshi, na kwamba mtaalamu hawezi kuondolewa kwenye shughuli hii kwa kisingizio kwamba ndugu wapo. Ndiyo maana nilishikilia Jumamosi za yule kijana, na ndiyo maana kila zoezi lilikuwa na muda wake, hesabu yake na mstari wake daftarini.

Leo Baba anakula, anaandika, anakata kitambaa. Sindano hawezi kuitunga uzi, na vifungo vidogo anavishona fundi mdogo. Alasiri mkono unachoka na kuanza kujikunja. Bega huuma mvua za masika zikikaza, hapo anapumzika na kumeza panadoli.

Ninalolitamani ni tafiti za namna hii zifanyike kwetu, kwa fedha za maana. Tunajua ugonjwa upo. Mradi uliolipiwa na Wellcome Trust ya Uingereza ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi kuanzia 2003 hadi 2006, ukapata kiwango cha 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai na 315.9 Dar es Salaam, umri ukishasawazishwa. Lakini kuhesabu wagonjwa ni nusu ya kazi. Kipimo cha mkono kilichotumika kwenye EXCITE kinamtaka mtu ainue kopo la kinywaji, aokote kibanio cha karatasi, ageuze ufunguo, akunje taulo. Ni kipimo kizuri, ila hakina kumega tonge, kuchota maji ya udhu wala kufunga kanga. Nataka mtafiti wa Muhimbili au wa KCMC alipwe apime hivyo, na mtaalamu wa fiziotherapia wa wilaya alipwe kama sehemu ya timu.

Wengi wanaoniomba kipimo cha kushonea glavu kama ya Baba wana mgonjwa ambaye mkono hautikisiki kabisa. Hao siwapi glavu. Kumfunga mtu mkono mmoja wakati mwingine haujiwezi ni kumnyima yote miwili. Nawaambia walilinde bega, wajaribu kioo, waangalie presha asubuhi na jioni, na wampeleke akapimwe tena baada ya wiki chache. Kidole gumba kikianza kufunguka, waje na kipande cha kitenge, fundi mdogo atawashonea.