Picha Mbili za Wiki Moja

Mwaka 2008 nilikuwa mpigapicha wa gazeti moja la udaku, ofisi yetu ikiwa Sinza. Jumatatu ya wiki ile nilipita Mbezi Beach, nikakuta gari la serikali, namba zake za ST, likishusha saruji kwenye nyumba ya kigogo mmoja iliyokuwa ikijengwa. Nikapiga picha. Sikuomba ruhusa ya mtu, na hata leo nisingeomba: gari lilikuwa letu sote, mafuta yetu sote.

Alhamisi nikatumwa kumvizia mwigizaji mmoja wa kike nje ya hospitali. Nilikaa ndani ya teksi tangu saa mbili asubuhi. Alipotoka alikuwa amedhoofu, mama yake kamshika kiunoni. Nikateremsha kioo, nikapiga mara sita. Mama aliniona, akavuta kanga amfunike mwanawe uso, lakini nilikuwa nimeshamaliza.

"Mtu maarufu hana faragha," mhariri alituambia siku zote. Ibara ya 18 ya Katiba, ile ya haki ya kutafuta na kutoa habari, aliijua kwa moyo. Ibara ya 16, inayompa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na familia yake, iko juu yake kidogo tu. Sikuwahi kusikia ikitajwa chumba kile. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayozihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, ilikuja kutungwa mwaka 2022.

Ijumaa asubuhi nikashuka Mwenge. Magazeti yametandazwa chini, watu wameinama wanasoma vichwa vya habari bila kununua, kama ilivyo desturi ya Dar. Ukurasa wetu wa mbele wote ulikuwa yeye, na juu yake swali kwa herufi nyekundu: anaumwa nini? Konda mmoja akalijibu kwa sauti, akataja ugonjwa. Wenzake wakaangua kicheko. Nililifungua gazeti kurasa zote. Saruji haikuwemo.

Mchana mama akaja ofisini. Mhariri akajifungia chumbani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe wa jana?"

"Ndiyo, mama."

Afadhali angefoka. Alisema taratibu kwamba binti yake alikuwa hajamweleza baba yake, aliyeko Tanga. Walipanga Jumamosi wapande basi, wakamwambie pamoja. "Sasa kapigiwa simu na jirani."

Akaomba azione picha zenyewe. Nikawasha kamera, nikazifuta mbele yake moja moja, kuanzia ya mwisho, zote sita. Ya sita ilipotoka, kioo kikaleta ile ya Jumatatu: gari, mifuko, vibarua wawili wamejitwisha.

Mama akaisogelea, akaisoma ile namba.

"Na hii, mwanangu? Hii mbona hamkuitoa?"

Nikautazama mlango wa mhariri. Ulikuwa bado umefungwa.