Siku moja maishani mwangu: mavuno ya mvinyo mtamu, Barsac

Saa 1:10 asubuhi

Stesheni ya Saint-Jean, Bordeaux, kiza hakijatoka. Mwezi huu wa Oktoba jua la huku halichomozi kabla ya saa 2. Treni ya Langon imejaa watu wa kila kazi, na sisi wa mizabibu unatutambua kwa viatu vya matope. Baada ya nusu saa hivi nashuka Barsac.

Kwa asiyenijua: mimi ni mzaliwa wa Dodoma, nilikuja huku Ufaransa kusomea mvinyo, nikapata kazi kwenye shamba dogo la zabibu. Kazi yangu kwenye karatasi ni kupokea wageni na kuwaonjesha. Msimu wa mavuno karatasi hiyo haisomwi na mtu. Wakikuhitaji kwenye meza ya kuchambua zabibu, unavaa aproni unakwenda.

Saa 2 asubuhi

Natembea kwa miguu hadi shambani na sioni hata mizabibu iliyo kando ya barabara. Ukungu. Kwenye mashamba mengine ya mvinyo watu wangekunja uso, lakini hapa tunasalimiana kwa furaha. Mto Ciron unatoka upande wa misitu ya Landes na unapita chini ya kivuli cha miti karibu safari yake yote, kwa hiyo maji yake ni baridi. Unaingia Garonne, mto mkubwa wenye maji ya vuguvugu, katikati ya Barsac na Preignac. Usiku wa vuli maji hayo mawili yakikutana, ukungu unapanda na kulala juu ya mashamba mpaka jua lipate nguvu.

Unyevu huo ndio unaoamsha kuvu inayoitwa Botrytis cinerea. Inatoboa vitundu vidogo mno kwenye ganda la zabibu. Mchana jua na upepo vinafanya kazi yao, maji yanatoka kupitia vitundu vile, na ndani vinabaki sukari, uchachu na harufu, vyote vimejikusanya. Wafaransa wanauita uozo mtukufu. Ila ukungu ukifuatwa na mvua ya siku nyingi badala ya jua, kuvu ileile inageuka kuwa uozo wa kijivu, na hapo ni kutupa tu. Hata Château d'Yquem, shamba lililowekwa peke yake juu ya yote ya Sauternes, eneo letu hili la mvinyo mtamu, kwenye orodha ya madaraja ya mvinyo wa Bordeaux ya mwaka 1855, lilikataa kutoa mvinyo wake mtamu mwaka 2012 kwa sababu zabibu hazikufaa. Wenye jina kubwa wana uwezo wa kukataa. Wadogo wanahesabu madeni kwanza.

Jina la Sauternes linaruhusiwa kwa vijiji vitano tu: Sauternes, Barsac, Bommes, Fargues na Preignac. Sisi wa Barsac tuna hiari ya kuandika Barsac au Sauternes kwenye lebo. Bosi wangu anaandika Barsac, na ukimuuliza kwa nini, tafuta kiti kwanza.

Saa 3 asubuhi

Wavunaji wanakunywa kahawa wakisubiri, maana zabibu hazikatwi zikiwa na umande. Maji yote hayo yangeingia kwenye mvinyo. Mimi naingia ghala la mapipa kuonja na msimamizi wake, mzee asiyependa maneno. Muda huu ulimi uko macho na tumbo halijajaa.

Juisi ya wiki iliyopita inachacha ndani ya mapipa ya mwaloni ya lita 225. Ukitega sikio kwenye tundu unasikia povu linavyopasuka. Zabibu zilizoingia zina sukari nyingi kiasi kwamba kama hamira ingeila yote, kilevi kingefika asilimia 20 na zaidi. Hamira haiwezi. Kwenye 13 au 14 inachoka, na msimamizi anaisimamisha kabisa kwa ubaridi na salfa kidogo. Sukari iliyobaki ndiyo utamu wenyewe, mara nyingi gramu 100 hadi 150 kwa kila lita. Kwetu hapaongezwi ya dukani hata kijiko.

Gramu hizo ni kiwango cha soda ya kola, au zaidi. Sasa kwa nini soda inakinaisha na mvinyo huu unakuita tena? Uchachu. Kuvu inapoitoa zabibu maji, inakusanya na uchachu wake pia, sio sukari peke yake. Ni sawa na juisi ya embe: usipoikamulia ndimu, glasi ya pili haipiti. Mzee ananipa pipa la nne, naonja, natema. Tamu tupu, imelala. Pipa la tano linasimama ulimini, mate yanajaa. Naonyesha la tano kwa kidole, anatikisa kichwa kukubali, anaandika chaki. Huo ndio mkutano wetu wa asubuhi.

Saa 4:30 asubuhi

Ukungu unaachia. Wavunaji wanaingia kwenye mistari na mikasi midogo, wengi wao akina mama wa vijijini hapa ambao wameifanya kazi hii tangu usichana. Hawakati kichala kizima. Wanachagua tembe zilizonyauka na kugeuka rangi ya zambarau iliyochakaa, zile za dhahabu wanaziacha ziendelee kuiva. Mzabibu mmoja unarudiwa mara tatu, nne, miaka mingine sita, kuanzia Septemba hadi Novemba. Ukiziona zilizo tayari huwezi kuamini mtu anaweza kuzinunua: zimekunjamana, zina vumbi la kijivu, zimeshikana. Weka moja mdomoni.

Kwetu Dodoma mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu hakuna baridi ya kuulaza. Huku unapata nafasi moja tu, na hiyo inaweza kuchukuliwa mapema. Baridi kali ya Aprili 2021 iliunguza machipukizi, na mashamba kadhaa ya Sauternes hayakuambulia karibu chochote.

Sheria inaruhusu lita 2,500 kwa hekta. Yquem wastani wao ni kama lita 900, yaani glasi moja kwa mzabibu. Anayelalamikia bei ya mvinyo huu namleta hapa saa hizi, namwachia mkasi kwa dakika kumi.

Saa 5:30 asubuhi

Wageni wa kwanza, watu sita. Nawapangia glasi tatu: mvinyo wa miaka mitatu, wa miaka kumi na mbili, na wa zamani zaidi ambao bosi anautoa akiwa na furaha. Zote zimetoka kwenye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 12. Mikahawa mingi inauleta ukiwa baridi kama barafu. Hapo harufu inafungwa, unabaki na sukari tu, na mteja anaondoka akisema mvinyo mtamu ni wa wasiojua mvinyo.

Kwanza tunatazama. Mvinyo mchanga una rangi ya dhahabu changa, wa kati umekolea, wa zamani unakaribia chai ya rangi. Kuiva huko hakuna ubaya kwa mvinyo wa aina hii. Mwaka 2011 chupa ya Yquem ya mwaka 1811 iliuzwa pauni 75,000, na mnunuzi hakuwa ananunua siki.

Kisha pua, bila haraka, mara mbili. Kwenye ule mchanga utapata aprikoti, nanasi, maganda ya machungwa, asali. Hiyo asali na ule mnuso wa zafarani na tangawizi unaofuata nyuma ndio alama ya kuvu. Mvinyo mtamu wa zabibu zilizochumwa tu zikiwa zimeiva sana hauna kitu hicho. Kwenye wa zamani matunda yanarudi nyuma, wanakuja lozi, sukari iliyoungua na tende.

Halafu mdomo, na hapa ndipo ninapowashika mkono. Kila mtu anaonja kwa ncha ya ulimi na kutangaza, “Mtamu!” Ndiyo, mtamu, hilo tumekubaliana. Uzungushe, uumeze au uuteme, kisha nyamaza usikilize kinachobaki. Sukari inaondoka mapema. Ukibaki na ulimi unaonata, mvinyo ni mzito bila mgongo wa uchachu. Ukibaki na mate na harufu inayopanda tena puani hata baada ya dakika nzima, huo ni mvinyo. Mzee mmoja wa kundi hili alifumba macho akakaa hivyo mpaka mkewe akamgusa bega.

Saa 7 mchana

Chakula cha wavunaji, meza ndefu chini ya banda. Kuku wa kuokwa, viazi, jibini ya Roquefort yenye mishipa ya buluu, na chupa zetu mbili zisizo na lebo. Nina kichupa changu cha pilipili mbuzi kwenye mkoba. Mama mmoja mvunaji sasa ananiomba kabla sijakaa.

Mvinyo huu umefungiwa mwisho wa mlo bila kosa. Watu wanasubiri keki, wanaweka utamu juu ya utamu, mvinyo unaonekana umepooza na keki haina ladha, kisha lawama anabeba mvinyo. Mpe chakula cha chumvi, chenye mafuta, chenye ukali wa pilipili, uone. Wenyeji wanajua jambo hilo, ndiyo maana wanaunywa na maini ya bata na Roquefort, lakini wamekwama hapo hapo na sikukuu za Desemba. Pwani yetu wangeutendea haki zaidi: pweza wa nazi, biriani ya mbuzi, kuku wa kupaka. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaambia.

Saa 8:30 mchana

Familia kutoka Bordeaux, baba, mama na binti yao mkubwa. Nilikuwa nimetoka kuzungumza na simu, mama akanisogelea.

“Dada, ni Kiswahili nimesikia?”

Watu wa Bukavu. Hapo utaratibu wangu wa glasi ukavunjika, tukaanza kuulizana habari za nyumbani kabla ya kitu kingine chochote. Niliporudi kwenye kazi na kueleza habari za kuvu, baba akaishusha glasi.

“Vitu vya kuoza, na bei yote hii?”

“Papa, wewe nyamaza, onja kwanza,” mkewe akasema.

Akaonja. Akaonja tena. Hakusema kitu, akasukuma glasi ijazwe. Mama yeye alikwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe: “Hii mtu akupe na sambaza za kukaanga, na pilipili.” Samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wa chumvi, wanaokatika mdomoni! Nimesoma vitabu vya kuoanisha mvinyo na chakula ambavyo havijawahi kufika hapo. Wakachukua nusu chupa mbili, zile za mililita 375, na binti akaniuliza kama kuna za bei nafuu zaidi kwa mwanafunzi. Nikamwambia ukweli, bosi akiwa mbali: vuka Garonne, tafuta Loupiac, Cadillac au Sainte-Croix-du-Mont. Zabibu ni zilezile, Sémillon kwa wingi na Sauvignon kidogo. Ukungu nao unafika, na jina ndilo dogo, kwa hiyo bei nayo ni ndogo.

Saa 10:30 jioni

Mashine ya kukamulia. Zabibu zilizonyauka hazitoi juisi kirahisi, zinakamuliwa, zinachambuliwa kwa uma, zinakamuliwa tena. Kwenye mvinyo mwingi mkamulio wa mwisho ni wa hali ya chini, hapa mara nyingi ndio wenye sukari na harufu kuliko yote, na unatiririka mzito, polepole, rangi ya matope. Nasimama kwenye meza ya kuchambua nikitoa tembe zenye uozo mbaya. Unazijua kwa kunusa: zina harufu ya siki. Nyigu nao wanazijua, wananisaidia kuzionyesha.

Saa 12:20 jioni

Treni. Mikono inanata mpaka simu inashindwa kusoma kidole.

Saa 3 usiku

Mdogo wangu yuko Dodoma, kule ni saa 4, na ana mistari yake ya mizabibu upande wa Makutupora. Ananipigia akitaka kujua kama anaweza kuleta kuvu hii nyumbani, aachane na kuuza zabibu kwa kilo. Haiwezekani, namwambia. Dodoma ni kukavu, hakuna mto wa kuleta ukungu wa asubuhi, na mwaka ukinyesha vibaya atapata uozo wa kijivu tu. Lakini kukausha anaweza. Huko Jura, mashariki mwa Ufaransa, wanachuma zabibu nzima, wanazilaza juu ya majani makavu au kuzitundika wiki sita angalau, ndipo wanakamua. Mvinyo wake wanauita wa majani makavu, nao unapaswa kukaa miaka mitatu kabla ya kuuzwa.

“Miaka mitatu, dada? Nitakula nini?”

“Anza na kreti moja.”

“Nikizianika juani, nyuki je?”

Sio juani, ndani, kwenye chumba chenye madirisha makubwa na wavu, upepo upite. Kimya kidogo. Chumba kipo, anasema, ila kwa sasa kina magunia ya alizeti ya shemeji, na shemeji anasubiri bei ipande.